Kigelegele cha Makoti

Kondoo alikuwa ananenepa, na hilo ndilo lililoanza kuwatia watu aibu.

Kondoo wa kumkaribisha makoti, bibi harusi mgeni, huchinjwa siku chache tu baada ya yeye kuvuka kizingiti. Watu hula, makoti hupewa jina jipya, maisha yakaendelea. Lakini kondoo wa Keneuoe alikuwa amefungwa kigingini nyuma ya jiko tangu mwezi ulipoandama, na sasa mwezi wenyewe ulikuwa umebaki kama ukucha. Alikuwa amemaliza majani makavu yote aliyoweza kuyafikia, akala maganda ya viazi, akala na pindo la blanketi la baba mkwe lililokuwa limeanikwa. Akiitwa, aliitika. Motlatsi, mume wa Keneuoe, alikuwa hapiti pale bila kumkuna katikati ya masikio.

“Tukichelewa zaidi,” Motlatsi alisema, “huyu hatutamchinja. Tutamtafutia mchumba.”

Kilichochelewesha mambo ni jina. Kule Semonkong, juu milimani, mwanamke akiolewa jina la kwao hubaki kwao. Ukweni hupewa jina la mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia. Mama mkwe wa Keneuoe alianza kuitwa 'Mamotlatsi, yaani mama wa Motlatsi, muda mrefu kabla Motlatsi hajalia kilio chake cha kwanza. Jina likishatoka halirudi. Mtoto akija, analikuta linamsubiri kama kofia msumarini.

'Me 'Mamotlatsi, maana kule mama huitwa 'me, alitaka makoti aitwe 'Malineo. Lineo lilikuwa jina la marehemu mama yake, na maana yake ni zawadi. Ntate Phakiso, yaani Baba Phakiso, mumewe, alitaka aitwe 'Masefako. Sefako lilikuwa jina la farasi wake, na maana yake ni mvua ya mawe.

“Mjukuu wangu apewe jina la farasi?” 'Me aliuliza kila asubuhi akikoroga uji.

“Si la farasi. La Sefako!” Ntate alijibu, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kisha walinuniana mpaka mchana, wakaanza upya.

Keneuoe hakuulizwa, na hata angeulizwa asingejibu. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Chuoni Maseru, alikosomea ualimu, mkaguzi alimsifu kwamba darasa lake lina utulivu wa ajabu, kwa kuwa wanafunzi hulazimika kunyamaza ili wamsikie. Isitoshe, makoti hasemi na baba mkwe wake ana kwa ana. Akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine, kama anayepitisha sahani mezani. Lakini wakiwa wawili tu, alimnong'oneza mumewe yaliyomkaa moyoni. Baada ya likizo ya baridi angeanza kufundisha shule ya pale chini. Darasa zima lingesimama na kumwamkia Mama wa Mvua ya Mawe. Na siku mvua ya mawe yenyewe ikishuka ikalaza ngano za watu, angepita njia gani kwenda dukani?

“Wataniambia, mwanao alikuja jana,” alinong'ona. “Watadai fidia.”

“Na kweli watadai,” Motlatsi alisema, akacheka mpaka akapigwa kiwiko.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Keneuoe aliogopa farasi. Siku aliyowasili, Sefako alimpigia chafya kifuani, juu ya gauni la kanisani, chafya nzito yenye majimaji. Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka nyumba nzima ili asipite mbele ya zizi.

Mwisho wa ubishi ulikuja Alhamisi moja, wakiwa wanakula ugali na mboga jikoni.

“Basi aamue Mungu,” 'Me alisema. Alikuwa amechoka.

“Mungu ana kazi nyingi,” Ntate alisema. “Jumamosi kuna mbio. Waamue farasi.”

'Me 'Mamotlatsi aliweka sahani chini polepole. Siku zote alikuwa akisema kwamba yeye si mtu wa farasi. Farasi aliwakuta hapo hapo kwa mumewe, kama wake wenza, naye akawavumilia.

“Kaka yangu Khethisa anamleta Khoeli,” alisema.

“Amlete.”

“Khoeli atamwacha huyo mzee wako akipiga miayo njiani.”

“Tubeti?”

“Tubeti! Khoeli akimtangulia Sefako, makoti ni 'Malineo.”

“Sefako akitangulia, ni 'Masefako, na sitaki tena kulishwa maneno pamoja na uji.”

Wakapigana viganja juu ya sufuria. Keneuoe alikuwa ameshika mwiko. Alimtazama Motlatsi, na Motlatsi alikuwa akitazama mboga zake. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Hapo ndipo Keneuoe alipojua kwamba ameolewa kweli.

Jumamosi baridi ilikuwa kali na jua lilikuwa kali vilevile. Uwanja wa mbio ulikuwa tambarare ndefu juu ya mji, nyasi zake zimekauka rangi ya ganda la mkate, na watu walijaa kila upande wakiwa wamejifunga mablanketi. Palikuwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, harufu ya maandazi, pombe ya mtama ikipita kwenye makopo. Wanaume walitembea na noti zimekunjwa kati ya vidole, wakipaza sauti, “Nani ananipinga? Wewe? Wewe mwenyewe? Ulivyo na hicho kikohozi?”

Keneuoe aliketi chini pamoja na wanawake, kama ilivyompasa: blanketi limebanwa kwa pini kifuani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja. Alikuwa ameamua kufumba macho mpaka mambo yaishe. Akiyafumbua, atakuwa mama wa mtu fulani.

Mama mkwe hakumpa nafasi hiyo.

“Mimi si mtu wa farasi,” 'Me alisema akijiweka sawa pembeni yake, “lakini mtu lazima ajue anachotazama. Farasi usimwangalie usoni, si mchumba. Mwangalie nyuma. Nyuma ndiyo injini. Kisha mwangalie anavyopumua kabla ya mbio. Anayeruka-ruka sasa hivi anamaliza mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Unamwona yule mwekundu? Bure. Bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Yule wa pembeni alinunuliwa kwa ng'ombe wawili, na aliyeuza anacheka mpaka leo.”

“'Me, wewe unawajua wote?”

“Mimi? Mimi si mtu wa farasi. Nasikia tu watu wakisema.”

Wakatokea Ntate Phakiso na shemeji yake Khethisa, kila mmoja juu ya farasi wake, wazee wawili wenye kofia za nyasi zilizochongoka na nyuso za watoto walioruhusiwa kuchezea maji. Sefako alikuwa wa kijivu mwenye madoadoa meupe, kana kwamba ni kweli mvua ya mawe ilimnyeshea ikagoma kuyeyuka. Umri ulikuwa umemwendea. Khoeli alikuwa jike jeusi, amenyooka, ana alama nyeupe katikati ya paji.

“Jina lako ni lile jeusi,” 'Me alimnong'oneza. “Liangalie vizuri.”

Keneuoe akaliangalia. Khoeli alikuwa amesimama kama msichana anayejua kwamba anapigwa picha. Ilikuwa mara ya kwanza Keneuoe kumtazama farasi kwa muda mrefu bila kurudi nyuma.

“Sasa sikia,” 'Me alisema. “Hii ya kwanza ni ya telki. Si ya shoti. Shoti ni ya kila mtu, hata nguruwe akifukuzwa na mbwa anapiga shoti. Telki, miguu inapokezana mmoja mmoja, upesi upesi, na mgongo umetulia. Mpandaji unaweza kumpa kikombe cha chai na kisahani chake. Farasi akivunja mwendo, akaruka shoti hata kidogo tu, yule bwana pale anainua bendera nyekundu, na farasi ametoka. Wanazunguka lile rundo la mawe kule, wanarudi hapa. Umeelewa?”

Keneuoe alielewa. 'Me alikuwa amemweleza kila kitu: matako, pumzi, bibi wa farasi mwekundu. Jambo moja tu hakumweleza, kwa sababu kila mtu pale alizaliwa akilijua, na jambo la namna hiyo hakuna anayekumbuka kulisema.

Wakaondoka.

Mwanzoni Keneuoe aliona vumbi tu. Kisha vumbi likapanda kilima kidogo likabaki nyuma, na farasi wakaonekana wote sita wamepangana, na kofia za wapandaji zilikuwa zimetulia angani kama zimewekwa juu ya rafu. Chini ya zile kofia miguu ilikuwa haihesabiki. Na ule mlio! Taka-taka-taka-taka, kama mvua juu ya bati, sauti moja isiyo na pumziko. Keneuoe aligundua kwamba vidole vyake vya miguu vilikuwa vinafuata ule mlio ndani ya viatu.

“Wako wapi? Jina langu liko wapi?”

“La tatu. Tulia.”

Walipozunguka rundo la mawe Khoeli alikuwa wa pili. Walipoanza kurudi alikuwa wa kwanza. Sefako alikuwa nyuma yake, kichwa chini, masikio yamelala, anaifanya kazi yake kama mzee anayepiga nyundo. Umbali kati yao ulikuwa wa farasi mmoja. Ukawa wa farasi wawili. Keneuoe alisahau kunyoosha miguu. Alikuwa amepiga magoti, na mkono wake ulikuwa umeshika goti la mama mkwe, kitu ambacho akiwa na akili zake asingekifanya.

“Lineo,” alikuwa akisema kwa ile sauti yake ndogo, “Lineo, Lineo, Lineo, njoo mama, njoo.”

Wakaingia kipande cha mwisho. Na hapo ghafla uwanja mzima ukanyamaza. Wenye noti wakanyamaza, walevi wakanyamaza, mwanamke wa maandazi akasimamisha kijiko juu ya mafuta.

Keneuoe alikulia mjini, na mjini alizoea harusi. Kwenye harusi kukitokea kimya cha namna hiyo, bibi harusi akiwa mlangoni na kila mtu amezuia pumzi, kimya hicho kina kazi moja tu: kinamsubiri mwanamke wa kwanza mwenye kifua. Siku zote mwanamke huyo alikuwa mwingine. Lakini leo jina lake lilikuwa linamjia mbio, jeusi, linang'aa, lina nyota katika paji, na kitu kilimpanda Keneuoe kutoka kwenye nyayo kikapita magotini kikapita tumboni, naye akasimama wima, kitambaa kikaangukia shingoni, na akapiga kigelegele.

Hakuna aliyejua kwamba mwili ule mdogo ulikuwa na kitu kama kile ndani yake. Yeye mwenyewe hakujua. Kilitoka chembamba, kirefu, chenye makali, kikaenda mpaka mlima wa pili na kurudi na mwangwi wake.

Khoeli alisikia. Masikio yakasimama. Akatupa kichwa, akajikunja, akaruka shoti kama mbuzi aliyemwagiwa maji.

“Anakimbia!” Keneuoe alipiga kelele. “'Me, tazama anavyokimbia!” Akaongeza kigelegele kingine, kizuri zaidi ya cha kwanza. Khoeli akaongeza miguu. Mjomba Khethisa alikuwa amelala nyuma, anavuta hatamu kwa mikono miwili, kofia imekwenda na upepo, mdomo umefunguka. Wakapita mstari wa mwisho peke yao, mbele mno ya kila mtu, na hawakuweza kusimama. Wakaendelea mpaka kwenye vyungu vya pombe.

Keneuoe alimkumbatia mama mkwe. Akaruka naye. Ilikuwa kama kuruka na nguzo.

“Tumeshinda, 'Me! Lineo! Mimi ni 'Malineo!”

“Makoti,” 'Me alisema kwa upole wa mtu aliye msibani, “tazama bendera.”

Bendera nyekundu ilikuwa juu. Chini yake Sefako alipita mstari kwa telki safi, taka-taka-taka-taka, wala hakugeuza sikio. Miguu yake ilikuwa bado mizima, lakini masikio yalikuwa yamestaafu zamani.

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, mwingine akapokea, na uwanja mzima ukaanguka. Watu wazima walishikana mablanketi wasidondoke.

“Makoti amejipa jina mwenyewe!”

“Nani ametuletea king'ora? Moto uko wapi?”

Mjomba Khethisa akarudi akimvuta Khoeli, povu la pombe likidondoka kwenye kwato. “Dada,” alimwambia 'Me, “miaka yote hii nakuomba unitafutie mtu wa kunitishia huyu farasi akimbie. Umemleta siku ya telki!”

“Sikumwambia,” 'Me alijibu, amejishika kichwa. “Nimemwambia mpaka habari za bibi wa yule mwekundu, na hilo sikumwambia. Telki watu wananyamaza! Mtoto wa kunyonya anajua!”

Ntate Phakiso alikuwa ameshuka, amelala juu ya shingo ya Sefako, mabega yakitikisika. Alipoinua uso ulikuwa umelowa. Alimwita Motlatsi aliyekuwa akija mbio, akamwambia kwa sauti ya kusikika na watu wote, “Mwambie 'Masefako nasema asante. Sijawahi kusaidiwa hivi hata na ndugu yangu wa damu.”

Keneuoe alisubiri machozi. Aliyasubiri kwa uaminifu, kwa maana jina lilikuwa limekwenda, la maisha yote, na limekwenda kwa mdomo wake mwenyewe. Badala yake kwenye shavu kulikuwa na kitu kinamvuta. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akasimama tena kwa sababu kukaa hakukuwezekana.

“Na nyingine lini?” alimuuliza mumewe.

“Nyingine nini?”

“Mbio!”

“Sasa hivi. Za shoti.”

“Na huko mtu anaruhusiwa kupiga kelele?”

“Huko hata ukipasuka.”

Keneuoe aligeuka akawatazama farasi waliokuwa wakipelekwa kwenye mstari. Alimwona mmoja wa kahawia, sufu nyekundu imesukwa mkiani, anaitwa Lerole. Akavuta blanketi la mumewe.

“Mwambie Ntate nataka kubeti.”

Ntate Phakiso alikuwa amesimama hapo hapo, karibu kiasi cha kuguswa, na alikuwa amesikia. Lakini mila ni mila. Akageuza uso kuelekea mlimani, akasubiri aletewe habari.

“Ntate,” Motlatsi alisema, “makoti anataka kubeti.”

“Muulize anabeti nini, maana jina lake limeshaliwa.”

“Makoti, Ntate anauliza—”

“Nimesikia. Mwambie yule wa sufu nyekundu akishinda, jina linarudi Lineo.”

“Ntate, anasema—”

“Na asiposhinda?”

“Na asiposhinda, mke wangu?”

Keneuoe hakuwa amefika huko katika mawazo. “Basi na mtoto wa pili Ntate atamchagulia jina,” alisema. “Lolote alitakalo.”

'Me 'Mamotlatsi alitoa sauti kama ya birika linalochemka. “Bwana wangu! Wa kwanza hajapatikana, na wa pili ameshawekwa rehani!”

“Mwambie nimekubali,” Ntate aliuambia mlima.

“Makoti, Ntate ame—”

“Nimesikia!”

“Sasa mimi hapa nina kazi gani?” Motlatsi aliuliza.

'Me alikuwa amemshika makoti mkono, anamvuta pembeni. “Kwa nini yule? Umeona nini nyuma yake?”

“Sikumwangalia nyuma. Alinitazama.”

“Nimekuambia usimwangalie usoni!”

“Yeye ndiye aliyeanza, 'Me.”

Mbio za shoti haziachi muda wa kufikiri. Ardhi ilitikisika kabla farasi hawajaonekana. Keneuoe alikuwa ameshafika kwenye kamba, katikati ya wanaume, na alipiga kigelegele tangu wanaondoka mpaka wanarudi, akimeza pumzi kama mwogeleaji. Waliokuwa pembeni walijiziba masikio kisha wakaona bora wamsaidie. Lerole alikuwa mbele! Sufu nyekundu ilikuwa imenyooka nyuma kama ulimi. 'Me 'Mamotlatsi, asiye mtu wa farasi, alikuwa amevua blanketi na kulizungusha kichwani, akimwita yule farasi baba yake, mume wake, askofu wake. “Njoo, Askofu! Njoo ule chumvi mkononi mwangu!”

Kutoka pembeni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama, akaja farasi mmoja mwembamba, mchafu, mbavu nje, mkia kama ufagio uliochoka. Akaja kimyakimya. Wakafika mstarini pamoja, sufu na ufagio, na uwanja ukainama mbele kama mtu mmoja kutazama.

Pua. Ufagio ulishinda kwa pua.

“Anaitwaje yule?” Ntate Phakiso alimuuliza mtu, akifuta macho.

“Ntsintsi.”

Ntsintsi ni inzi. Ntate alilionja lile jina mdomoni, mara mbili, kama mtu anayeonja supu. “Mwambie makoti,” alimwambia mwanawe, “nitafikiria. Sina haraka. Lakini ni jina fupi, zuri, mtoto hatapata shida kuliandika.”

Walirudi nyumbani kwa miguu, Sefako mbele yao akiwa amefungwa utepe. Watu waliowapita waliita, “'Masefako! Habari za mapafu?” naye akaitikia kwa mkono, maana sauti ilikuwa imemkauka. Kilichobaki cha sauti alikitumia kwa jambo moja.

“Pua, 'Me. Pua moja tu.”

“Nimeona.”

“Angenyoosha shingo tu. Angekuwa amepiga chafya wakati ule, tungeshinda.”

“Nyamaza, unaniumiza.”

“Kwa pua, 'Me!”

Ndivyo wanavyoanza wote. Watu hudhani farasi humnasa mtu kwa kumpa ushindi. Aliyeshinda hurudi nyumbani akala, akalala. Aliyekosa kwa pua ndiye anayeamka asubuhi akiwa bado yuko pale kwenye kamba, amemshika farasi kichwa, anakisogeza mbele kidogo. Jioni ile Keneuoe alipita mbele ya zizi bila kuzunguka nyumba. Sefako alitoa kichwa. Walitazamana, kisha Keneuoe akamfuta vumbi kwenye pua kwa pindo la kitambaa chake, akaipima kwa shibiri. Ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani.

Kesho yake kondoo akachinjwa. Motlatsi alisema hataweza kumla rafiki, kisha akala sahani mbili huku akiugua. Watu walipokwisha kushiba, Ntate Phakiso akasimama katikati ya nyumba, akavua kofia.

“Huyu kuanzia leo ni 'Masefako,” alisema. Watu wakacheka, akawasubiri. “Mnacheka. Mwaka ule wa theluji kubwa nilikuwa kule juu na kondoo. Nilipotea. Sikuona mkono wangu. Nikalala shingoni kwa farasi nikamwambia, mimi sijui njia, nenda unakojua wewe. Nilipofumbua macho nilikuwa mlangoni hapa. Basi. Nataka hapa nyumbani kuwe na mtu nitakayemwita jina hilo, hata siku farasi mwenyewe asipokuwepo.”

Akakaa haraka, kama aliyesema mengi mno.

“Nilikuwa nimeshashona kitambaa cheusi cha ujane,” 'Me alisema, akitazama moto. “Nikakitumia kufunikia unga.”

Keneuoe aliinamisha uso. Alitaka kusema kitu, na kwa mila hakuweza, kwa hiyo akasimama akamwongezea Ntate nyama, kipande cha mafuta, akakiweka katikati kabisa ya sahani. Ntate akakitazama kile kipande. “Mwambie nimesikia,” alimwambia Motlatsi.

Wageni walipoondoka wanawake wawili walibaki jikoni na masufuria.

“'Masefako,” 'Me aliita.

“'Me?” Aliitika kabla hajakumbuka kwamba ni yeye.

'Me alichungulia mlangoni kuona kama wanaume wako mbali, kisha akashusha sauti. “Mwezi wa saba, sikukuu ya kuzaliwa mfalme. Kuna telki. Khethisa anamleta Khoeli.”

Keneuoe aliacha kusugua. Moyo ulikuwa umeshaanza, taka-taka-taka-taka.

“Mtoto wa tatu?” aliuliza.

“Wa tatu. Lineo.”

“Na Ntate atakubali?”

“Yule? Akatae mbio?” 'Me aliinama kwenye sinia, akachagua andazi moja kubwa, gumu, la tangu jana. Alilisogeza karibu na uso wa makoti, akafumba jicho moja, akapima kama seremala. “Lakini siku hiyo utakaa na hili mdomoni tangu wanaondoka mpaka wa mwisho afike. Jaribu.”

Keneuoe akafungua mdomo. Liliingia, likajaa, likabana barabara. Akajaribu kupiga kigelegele nyuma yake, ili wahakikishe, na kilichotoka ni makombo tu.